Mbegu ya Pilipili katika Nyumba Isiyo na Shamba

Mwaka jana, siku chache baada ya mvua za vuli kuanza, tulikuwa tumemaliza darsa ya kina mama katika nyumba moja ya hapa Ndia Kuu. Maswali ya tohara na ya swaumu yalikuwa yamekwisha, na wengi walikuwa wameshavaa viatu, aliposalia mama mmoja nyuma ya wenziwe. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, amelifunika kwa ncha ya mtandio, nasi tukadhani ni chakula alichowaletea watoto wa chuoni. Akalifunua. Ndani mlikuwa na udongo, na juu ya udongo miche minne ya pilipili, kila mmoja urefu wa njiti ya kiberiti, imelala ubavu, majani yamebabuka nchani kama yaliyopitishwa motoni.

"Maalim," akasema, "hii ni mara ya pili. Yaota vizuri, yasimama siku kumi, kisha yafa. Nifanyeje?"

Sisi maisha yetu yote hatukuwahi kupanda kitu kikaota, lakini tulikuwa bado tumeketi juu ya kiti cha kujibia maswali, na kiti hicho kina fitina yake. Tukamjibu papo hapo kwamba miche ile ina kiu, aizidishie maji. Akashukuru, akaenda zake, akaizidishia maji. Siku ya tano yote minne ilikuwa imekufa.

Baadaye ndipo tulipopata kuijua habari yenyewe. Mbegu zile hazikuwa za dukani. Marehemu mamake alikuwa akitengeneza achari ya pilipili mbuzi na kuiuza kwa chupa ndogo ndogo, na wako wengi katika wasomaji wetu waliopata kuila bila ya kujua imetoka jiko gani. Binti aliirithi kazi ile, na kwayo analipa karo ya wanawe wawili. Mpilipili wa mamake ulikauka wakati wa kaskazi, na pilipili za kununua Marikiti, asema, zina ukali lakini hazina harufu ile, na wanunuzi wake wamekwisha kulalamika. Alizokuwa nazo ni mbegu alizozifunga katika pindo la leso. Mara ya kwanza alipanda nusu. Mara ya pili alipanda zilizosalia.

Kwa hivyo jawabu letu la upesi lilimaliza mbegu za mwisho za mtu. Tunajua, na tunawafundisha wengine, kwamba asiyejua husema sijui. Tulidhani adabu hiyo ni ya mas'ala ya talaka na mirathi. Makala haya ni sehemu ya deni letu kwa mama yule, naye ametupa idhini ya kuyaandika maadamu hatutaji jina lake.

Watu wa kisiwa hiki kutokuwa wakulima si jambo la jana. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 na kulala usiku mmoja, aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji wake ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka hawalimi bali huletewa kutoka ng'ambo. Alisifu dini yao na misikiti yao ya mbao, akataja na visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, ambavyo watu walichotea maji ya kuoshea miguu. Habari ya visima hivyo tutairudia.

Katika safari iyo hiyo, kabla ya kufika kwetu, alikaribishwa Mogadishu, na pamoja na wali akawekewa vitu vya kuchangamsha ulimi: ndimu zilizotiwa chumvi, pilipili zilizolowekwa katika siki, tangawizi mbichi na maembe. Achari, kwa hivyo, ni ya kale sana katika pwani hii. Lakini pilipili aliyoila Ibn Battuta siyo hii tuipandayo. Hii yetu, yenye kuwasha, asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, na hakuna mtu wa upande huu wa bahari aliyeijua kabla ya Columbus kuvuka mwaka 1492. Ile ya Mogadishu ilikuwa ya ukoo wa pilipili manga, iliyokuja kutoka Bara Hindi. Majahazi ya Wareno ndiyo yaliyoieneza pilipili ya Marekani katika Bahari ya Hindi katika karne ya 16, karne ile ile waliyoanza kuijenga Ngome, mwaka 1593. Hatuna mengi ya kuwashukuru Wareno, lakini hili huenda tukawaandikia. Mgeni alipofika alikaribishwa vizuri hata akalichukua jina la mwenyeji: yeye leo ndiye aitwaye pilipili, na yule wa zamani sharti aongezewe "manga" ndipo ajulikane.

Tuurudie msiba wa kopo.

Tulimwendea fundi mmoja wa bustani, mzee atokaye upande wa Kisauni, auzaye miche kando ya barabara, tukamwonyesha jani moja lililobabuka. Hakuuliza habari ya jua wala ya mbolea. Aliuliza, "Maji mwatoa wapi?" Tukamwambia, kisimani. Akacheka.

Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari, na visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi au ya mvugumvugu. Twayaogea, twaoshea sakafu, na ulimi umeyazoea. Mche wa pilipili haukuyazoea. Tena ubaya wa chumvi ni kwamba haiondoki: maji hupanda hewani kwa jua, chumvi ikabaki ndani ya kopo, na kesho ukitia maji mengine umeiongezea nyingine juu yake. Kopo la mama yule, kama makopo mengi, halikuwa na tundu chini, wala maji hayakuwa na pa kutokea. Jani hubabuka kuanzia nchani na ukingoni, mche ukalegea kama wenye kiu, na mwenye huruma akauona amelegea akaumwagia tena. Hivyo ndivyo tulivyomshauri aue.

Maji matamu basi yatoke wapi? Ya mfereji, yale ambayo tangu miaka ya 1950 huletwa hapa kwa mabomba kutoka chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200 na sisi, hayafiki kila siku katika kila nyumba, na ya mikokoteni yanunuliwa kwa mtungi. Hatuwezi kumwambia mama anunue maji ampe mpilipili na hali ana watoto. Lakini tulipochunguza tuligundua kwamba nyumba zetu zamwaga maji mengi yafaayo. Maji ya kuoshea mchele yafaa sana. Maji ya mvua, ukiyakinga kwa ndoo baada ya paa kwisha kuoshwa na mvua ya kwanza, hayana mfano. Na kiyoyozi cha jirani, kile kidondoshacho maji juu ya vichwa vya wapita njia, hudondosha maji yasiyo na chumvi hata chembe, kwa kuwa ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Tuliweka ndoo chini ya kimoja, kwa idhini ya mwenyewe, na kutoka alasiri hata asubuhi ilijaa karibu nusu. Twaipita ndoo hiyo kila siku tukijiuliza ni miaka mingapi tumekuwa tukilalamikia matone yale.

Hapa kina mama wawili wametuuliza mas'ala ya fiqhi, na kwa kuwa hili ni katika tunayoyajua, twajibu bila ya hofu. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ni tohara yenyewe ingawa hayatoharishi tena. Kumwagilia mmea kwayo hakuna ubaya wowote, na ni bora kuliko kuyaacha yaende mtaroni. Kinga beseni wakati wa kutawadha, mradi maji hayo yasiwe ya kisima cha chumvi. Ama maji ya birika la msikiti, hayo yamewekwa wakfu kwa ajili ya wenye kutawadha, na hayachukuliwi kwenda kumwagilia makopo ya majumbani, hata yawe ni makopo ya sheikh.

Maji tukayapata. Mbegu hatukuwa nazo. Tulitangaza baada ya darsa, tukauliza Kuze na Mkanyageni, tukaletewa mbegu za aina nyingi, kila mmoja akiapa kwamba ndizo. Mwisho mke wetu akakumbuka kwamba yuko bi mkubwa mmoja Kibokoni, umri wake wapita miaka themanini, aliyekuwa shoga yake marehemu. Tukaenda sote watatu. Bi mkubwa alisikiliza kisa chote, na kilipofika mahali petu alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaita mjukuu amteremshie mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati. Ndani mlikuwa na vipande vya gazeti vilivyokunjwa, kila kimoja na mbegu zake, na juu ya kimoja alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu jina la marehemu.

"Mamako alinipa mie mwaka alioolewa mdogo wako," akamwambia mama yule. "Nami nimezipanda, nikazivuna, nikazipanda. Mbegu haiwekwi kwa kufungiwa, mwanangu. Huwekwa kwa kupawa watu. Ya kwako ikifa, yamwendee nani kumuuliza?"

Mama yule alilia, nasi tukatoka barazani.

Sasa tuseme kazi yenyewe inavyofanywa, kama tulivyofundishwa na bi mkubwa na yule mzee wa Kisauni, na kama tulivyojifunza kwa kuharibu.

Pilipili ya mbegu haichumwi ikiwa mbichi. Huachwa mtini hata ikaiva kabisa, nyekundu au ya manjano kulingana na aina yake, ikaanza kulegea na kukunjana ngozi. Hupasuliwa, mbegu zikatandazwa juu ya sahani au gazeti kivulini penye upepo, siku saba hadi kumi. Juani juu ya bati zitaungua. Mbegu iliyokauka sawasawa ukijaribu kuipinda hukatika, na ile iliyobonyea ina maji bado. Kuihifadhi ni kazi ngumu kwetu kwa sababu ya joto la bahari: itie katika karatasi, na karatasi katika mkebe unaofunga vizuri, na ndani ya mkebe uweke punje chache za mchele uliokaangwa mkavu ili zinyonye unyevu. Mfuko wa nailoni usiutumie, huiozesha. Ikihifadhiwa hivyo yaweza kuota baada ya miaka miwili au mitatu, lakini bi mkubwa hupanda kila mwaka, hangoji.

Usiku wa kuamkia kupanda, ziloweke katika maji ya uvuguvugu. Udongo uwe mwepesi: sehemu ya udongo mwekundu, sehemu ya samadi ya mbuzi iliyooza ikawa haina harufu, na sehemu ya vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi yaoshwe mara mbili tatu kwa maji matamu, kwa kuwa nayo yana chumvi. Mchanga wa ufukweni usiusogeze. Kopo litobolewe matundu matano au sita chini. Mbegu izikwe kina cha nusu sentimita tu, udongo unyunyizwe kwa mkono, na kopo liwekwe mahali penye joto na mwanga lakini si kwenye jua kali la adhuhuri.

Kisha ngoja. Hapa ndipo kina mama wengi wanaposhindwa, na sisi pia. Pilipili za kawaida huota baada ya siku saba hadi kumi na nne, lakini pilipili mbuzi na zile ndogo nyembamba ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita pilipili kichaa zaweza kukaa wiki tatu na hata nne. Siku ya kumi na tano tuliufukua udongo kwa kidole kutazama kunani, na mbegu tuliyoifukua ilikuwa ndiyo kwanza imetoa mzizi mweupe. Tukaukata. Mke wetu hakusema neno, lakini alilihamisha kopo akaliweka chumbani kwake.

Mche ukishakuwa na majani manne hadi sita, mbali na yale mawili ya kwanza yasiyofanana na mengine, huhamishiwa chombo chake wenyewe. Debe la mafuta au ndoo iliyopasuka yatosha. Muhimu kiwe cha lita kumi au zaidi, na kila chombo mche mmoja. Uhamishe alasiri, uupe kivuli kwa wiki moja, kisha uuzoeshe jua kidogo kidogo. Mpilipili wahitaji jua la saa sita kwa siku, na ndiyo sababu nyua zetu zilizozungukwa na kuta ndefu hazifai: panda juu, sakafuni mwa paa, au roshani inayopata jua la asubuhi. Ila wakati wa kaskazi paa huwa kama tanuri. Joto likipita nyuzi 32 au 33 maua hupukutika bila ya kushika, na mwenye mti hudhani umerogwa. Tundika leso kuukuu iufunike saa za adhuhuri.

Samadi usiizidishe. Mpilipili ulioshiba mno huwa na majani mazuri kama mchicha na usizae. Ukitoa maua, utikise matawi kwa upole asubuhi ili chavua ishuke, maana juu ya paa nyuki ni wachache. Tangu kupanda mbegu hadi kuchuma pilipili mbuzi ya kwanza iliyoiva hesabu miezi minne au mitano. Anayezitaka kwa ajili ya Ramadhani, wakati bei ya Marikiti hupanda, na aanze mapema. Ukitunzwa, mti mmoja huzaa miaka miwili au zaidi, si lazima ung'olewe.

Maadui ni wengi, tutaje wachache. Vidukari hujificha chini ya jani, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani ujue wanawachunga kwa ajili ya utamu wautoao. Lowesha majani ya mkilifi usiku kucha, chuja, tia tone la sabuni ya kipande, nyunyizia jua likituwa, chini ya majani na si juu peke yake. Mti ambao majani yake yamejikunja na kudumaa, na dawa hiyo haikufaa, ung'oe uutupe mbali kabla haujaambukiza mwingine.

Na kunguru. Kunguru wa Mombasa haili pilipili. Aling'oa miche yetu mitatu kwa mchezo akaiacha juu ya ukuta. Mwanetu mdogo, aliyekuwa amehifadhi karibuni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anachokula ndege katika alichopanda mtu huwa ni sadaka kwa aliyepanda, akatupa pole kwa hadithi hiyo. Tukamwambia kunguru huyu hakula. Akafikiri, akasema basi tufunike. Sasa kila kopo lina chujio kuukuu juu yake.

Wale ndege wadogo, hao hula kweli, na hawawashwi. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa wataalamu wawili, David Julius wa Marekani na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut. Julius aliitumia dawa iliyomo ndani ya pilipili, iitwayo kapsaisini, kutafuta mahali katika mishipa ya fahamu panapohisi joto, akapagundua. Mahali hapo ndipo moto wa kweli unapogusa, na ndipo pilipili nayo inapogusa, basi ubongo hupewa habari kwamba mdomo unaungua na hali hakuna kilichoungua. Ndege hawadhuriki na dawa hiyo. Humeza tunda, wakaenda kuziangusha mbegu mbali zikiwa nzima. Ukali, kinyume na wasemavyo wengi, haumo katika mbegu bali katika utando mweupe uliozishika. Mpishi anayetaka harufu ya pilipili mbuzi bila ya moto wake wote na autoe utando ule.

Na kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki majini ila katika mafuta, aliyewashwa asinywe maji. Anywe maziwa lala. Mikono vilevile: kwanza isugue kwa mafuta ya nazi, kisha ndipo uioshe kwa sabuni. Twalisisitiza hili kwa mama mwenye mtoto mchanga, ambaye hukata pilipili jikoni, mtoto akalia, akaenda kumpangusa. Avae mfuko mkononi anapokata.

Sisi hatukuvaa. Siku tulipozitoa mbegu za mavuno yetu ya kwanza, adhana ya magharibi ilitukuta na kisu mkononi. Tukanawa kwa maji matupu, tukatawadha, na tulipopitisha mikono usoni tukajua tulilolifanya. Imamu hakuwepo, tukasukumwa mbele. Tuliswalisha rakaa tatu machozi yakitutoka kama mvua ya masika, na baada ya salamu ndugu mmoja alitushika mkono akasema hajapata kuswali nyuma ya mtu mwenye khushui kama ile. Ilitubidi tumwambie. Habari imekwisha kuenea mtaani, kwa hivyo hatufichui siri.

Limebaki jambo moja, na limemfika mama yetu mwaka huu huu. Jirani yake alipanda pilipili boga karibu na mipilipili yake, akaingiwa na hofu kwamba zake zitapoteza ukali. Matunda ya mwaka huu hayabadiliki hata kidogo kwa ujirani huo. Kinachoweza kubadilika ni mbegu zilizomo ndani, kwa kuwa nyuki huchanganya chavua, na mti utakaotoka humo huenda usifanane na mamake. Anayetaka mbegu safi na avike maua machache mfuko wa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, auache mpaka tunda lishike, kisha alifungie uzi mwekundu ili mtu asilichume kwa kachumbari. Vilevile mbegu za pakiti za dukani zilizoandikwa F1 huzaa vizuri mara moja tu, na ukizipanda mbegu za matunda yake utapata machotara wasiofanana.

Mama yule alipanda mbegu ishirini za bi mkubwa masika yalipokwisha. Ziliota kumi na nne. Mitatu aliichukua kunguru, mmoja ulidumaa, kumi imesimama juu ya paa lake katika madebe, na chupa za achari zimeanza kutoka tena, ingawa kwa sasa wanunuzi wa zamani tu ndio wanaopata. Sisi tulipewa mbegu tano, ikatoka miti miwili.

Mwezi uliopita mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la bi mkubwa waliyahamisha madebe yake, wakayaacha juani siku nne bila ya maji. Hakukubakia hata mti mmoja, na karatasi ile katika mkebe ilikuwa tupu, kwa kuwa alizotupa zilikuwa zote. Mama yule alimpelekea miche miwili na mbegu thelathini, nasi tukafuatana naye kubeba ndoo. Bi mkubwa aliutia kidole udongo wa debe la kwanza, akatutazama tena kama alivyotutazama siku ile, akasema tumeutia maji mengi.